Dirisha la Mzee Muhuri

Jumanne asubuhi Mzee Muhuri alikuwa mezani, miwani puani, anajaza fomu ya kodi ya wastaafu huku chai inapoa. Jina la Muhuri alipewa kazini, maana alikaa ofisi ya kodi maisha yake yote akigonga fomu za watu. Sasa kastaafu, na pensheni yake inakatwa kodi mara mbili: kama mstaafu, halafu tena kama mtu aliyeko kazini. Kwa nini, hakuna anayejua. Kinachojulikana ni kwamba hela ya kumpasua mkewe jicho haitimii, na mtoto wa jicho, tofauti na watoto wengine wa nyumba ile, hataki kuhama.

Alipofika chini ya fomu, mkono ukafuata mazoea. Badala ya kusaini pa mstaafu, akasaini kwenye kisanduku cha "kwa matumizi ya ofisi tu". Akaipeleka, ikapokewa.

Kesho yake ukuta wa sebuleni ulikuwa umeota dirisha. Dirisha la ofisi kabisa, lenye nondo, kioo chenye tundu la kupitishia karatasi, na kalamu iliyofungwa kwa kamba isiibiwe. Muhuri ulikuwa tayari mezani. Uani, wastaafu walishapanga foleni mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Mkewe akawaomba wasiegemee mashuka, wakasogea.

Mzee akavaa shati la kazini, akahudumia. Mwalimu mstaafu aliuliza pensheni ya marehemu mumewe inajazwa ukurasa wa pili au wa tatu. Mzee akamwambia wa pili. Mwalimu alipoondoka, akaona ni wa tatu. Au labda wa pili.

Mchana akili ikamjia: kama ofisi ni hapa, basi na shida yake itatatuliwa hapa hapa. Akajaza fomu ya malalamiko ya kukatwa kodi mara mbili, akatoka, akapanga foleni kama watu. Fundi umeme mstaafu, aliyekuwa nyuma yake, akalalamika kwamba watumishi wa dirisha hili wanaondoka ovyo, kazi yao kunywa chai. Mzee akakubaliana naye.

Zamu yake ikafika, dirishani hakuna mtu. Akasubiri. Akazunguka akaingia ndani, akaketi, akachungulia nje: hakuna aliyeshika fomu ile. Akatoka. Akaingia tena. Foleni ikaanza kuguna.

"Mzee wangu, amua basi," fundi akasema. "Uko upande gani?"

Mzee akafikiri kweli kweli, akajibu kwamba hata yeye hajui. Kwa mujibu wa karatasi, yuko pande zote mbili.

Mwishowe mkewe akafuta mikono, akaenda kuketi kwenye kile kiti. Mzee akapitisha fomu kwenye tundu. Mama akaileta karibu na pua, akaigeuza juu chini, akaiinua kwenye mwanga. Ukungu mtupu.

"Mama, ni mimi," mzee akanong'ona. "Ile ya kukatwa mara mbili. Wewe gonga tu."

"Najua ni wewe, baba. Ila sioni pa kugonga."

Nyuma watu walikuwa wanasukumana. Mama akaupapasa muhuri, akauacha. Akairudisha fomu kwenye tundu, taratibu, isikunjike.

"Mhusika hayupo," akasema. "Njoo kesho."

Mzee akashukuru, akampisha fundi.