Kazi ya Kukaa

Watoto wa Filister walimpenda, na mapenzi yenyewe nusura yamuue. Tangu ateleze ufuoni Sori mwezi wa Disemba na kuumia goti, Willis, kifunguamimba wake mwenye duka la mabati Migori mjini, alimpiga marufuku kazi ya kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Nyavu za kuanikia akazigawa kwa majirani. Akanunua kochi, runinga na simu ya kuonana uso kwa uso, na kila siku saa kumi alasiri alipiga kuhakikisha mama yuko kochini. Akimkuta ufuoni tena, anamhamishia Migori, ndani ya geti. Mjadala umefungwa.

Basi mama akapumzika. Alipumzika mpaka akasahau siku za juma. Chakula kikamshinda, usingizi ukamkimbia, na presha iliyotulia miaka yote ya kubeba mabeseni ikampanda akiwa amekaa. Muuguzi akaongeza vidonge. Hakuna aliyemuuliza mchana wake unapitaje. Ungepitaje, jamani, na mtu kazi yake ni kukaa?

Alhamisi hiyo, saa kumi kasoro robo, alisikia upepo umegeuka. Akatoka mlangoni. Wingu jeusi lilikuwa linakuja kutoka ziwani, na kule chini omena ya jirani yake Priscah ilikuwa imeanikwa juu ya nyavu nne. Priscah alikuwa amemkimbiza mtoto zahanati, na wanawake wengine walikuwa wanahangaika na zao. Omena ikinyeshewa inaoza, inaishia kuwa chakula cha kuku, na Priscah ni mjane asiye na kingine.

Filister akaitazama simu. Kisha akajikaza kisabuni, akaifunga kiunoni ndani ya leso, akashuka.

Mikono haikuwa imesahau. Shika pembe, vuta, omena ijikusanye katikati, kunja, buruta hadi kwenye kibanda cha Priscah. Wavu wa kwanza. Wa pili. Simu ikaanza kulia. Wa tatu. Ikalia tena, na matone yakamgonga mgongoni. Goti lilimuuma hadi machozi yakamtoka, naye aliogopa, aliogopa kweli, kwamba ataanguka pale pale na Willis atakuwa amesema kweli.

Wavu wa nne ulipoingia kibandani, mvua ikamwagika. Filister akaketi juu ya gunia, akahema, akapokea simu.

"Mama, uko wapi? Hapo ni beach?"

"Niko beach."

"Nilikuambia nini? Kesho nakuja na gari. Panga nguo zako."

"Kuja, nyathina." Alimwita mtoto wangu kwa upole, kama zamani. "Lakini kuja na jeneza kwa hiyo gari, ndio usifanye safari mbili."

Nyuma ya Willis mteja aliuliza bei ya misumari, naye akamtajia bei ya mabati.

Ijumaa Filister alipanga nguo zake kwenye begi, akasubiri mlangoni hadi giza likaingia. Gari halikuja. Jumamosi alfajiri, mitumbwi ilipofika, ilimkuta ufuoni na beseni.