Zamu ya Sebuleni

Kwa miaka thelathini na moja mume wa mshonaji alilinda ghala la vifaa vya ujenzi usiku, na miaka yote hiyo alijisifu kwamba hajawahi kufumba jicho akiwa kazini. Mtaani walimwita Macho. Siku anastaafu, meneja alimpa cheti chenye fremu kilichosema kwamba hakuwahi kukutwa amelala hata mara moja. Aliyechagua neno "kukutwa" alikuwa na akili zake, lakini siku hiyo watu walipiga makofi tu.

Tabu ilianza usiku uleule. Macho alioga, akavaa pajama mpya, akalala chali katikati ya kitanda kusubiri usingizi. Usingizi ukamtupa mkono. Saa sita alihesabu mbao za dari. Saa saba aliamka kukagua komeo la mlango. Saa nane alikwenda kuhakikisha jiko limezimwa, jiko ambalo alilizima mwenyewe. Na kila aliporudi alimulika tochi usoni mwa mkewe.

"Umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

Mshonaji alikuwa amezoea kitanda kizima, analala kimshazari kama apendavyo. Sasa alikuwa na mlinzi chumbani, na kazi yake ikaanza kuharibika. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimemwagiza sare arobaini za wanafunzi ziwe tayari Jumamosi, na mkuu wa chuo, mama asiyecheka ovyo, alisema zikipendeza atampa sare za mwaka mzima. Zisipopendeza, mafundi ni wengi. Kufikia wiki ya tatu mshonaji alikuwa ameshona koti lenye mikono miwili ya kushoto, na jingine lenye mfuko mgongoni. Alilitazama lile la mfuko kwa muda mrefu, akijiuliza muuguzi atatoaje kipimajoto huko nyuma.

Walijaribu kila walichoambiwa. Maziwa ya moto yalimpeleka msalani mara nne. Redio ya sauti ya chini ilimfanya abishane na mtangazaji. Mkewe alimsugua nyayo kwa mafuta hadi mikono ikamuuma, na Macho akashukuru sana, akaamka kukagua komeo huku akiteleza sakafuni.

Jumatatu, maji yakiwa yamemfika shingoni, mshonaji alikwenda kwa Filimbi. Huyu alilinda ghala pamoja na Macho miaka yote hiyo, na jina alilipata kwa kupiga mbinja. Alipoulizwa Macho alifanyaje usiku, alichungulia nje ya mlango kwanza.

"Shemeji, usiniponze."

"Sikuponzi. Sema."

"Alikuwa analala usingizi wa pono. Anaegemeza kiti ukutani, miguu juu ya kreti, tochi mapajani. Mimi nikisikia gari la meneja napiga mbinja, yeye yuko wima na saluti tayari. Kisha tunabadilishana, na mimi nalala."

"Na lile daftari la zamu? Si mlikuwa mnaandika kila saa?"

"Alikuwa analijaza lote saa mbili usiku. Akishaandika saa kumi na moja hali shwari, roho yake inatulia, anakoroma." Filimbi alikuna kidevu. "Ila ukimpa ruhusa umemharibia. Kuna siku alikuwa na homa, meneja akamwambia apumzike ofisini, palikuwa na kochi. Hakupata lepe la usingizi mpaka kunakucha."

Mshonaji alirudi nyumbani amefura. Miaka thelathini na moja alikuwa akimhurumia mtu huyu. Alimwekea mnofu mkubwa kwenye sahani. Watoto walikua wakitembea kwa ncha za vidole mchana, eti baba amekesha, kumbe baba analala mchana na usiku. Alitamani akashushe kile cheti ukutani akitumie kukunia nazi. Lakini kabla hajafika mlangoni hasira ilianza kugeuka kicheko. Akimuumbua, atavunjika moyo, na aliyevunjika moyo halali kabisa. Afadhali amfanyie hila, mumewe apate usingizi.

Jioni alisema, "Mume wangu, vitambaa vya chuo viko hapo sebuleni, na siku hizi wezi hawana aibu. Naomba unilindie."

"Nimestaafu."

"Basi nitamwomba Filimbi."

"Filimbi?" Macho alicheka kwa dharau. "Yule anayelala?"

Alikuwa ameshafika kabatini kutafuta koti lake la kazi. Mkewe alimpa kiti, tochi, kalamu na daftari jipya. "Uandike kila saa. Na nitapita kukagua. Nikikukuta umefumba jicho, tutakosana."

Uso wa Macho ukachangamka kwa mara ya kwanza tangu alipopewa fremu. Saa nne mkewe alichungulia kwenye upenyo wa mlango, akamwona ameinama anaandika mfululizo, ukurasa mzima, bila kutazama saa. Kisha akaegemeza kiti ukutani. Haikupita robo saa mkoromo ukaanza. Mshonaji alirudi kitandani, akalala kimshazari.

Asubuhi alisoma daftari. Kila saa hali ilikuwa shwari, mwandiko umenyooka kama mstari wa cherehani, na saa tisa palikuwa na maneno haya: "Paka mmoja amepita, nimemfukuza." Huyo paka alifukuzwa muda wa saa tano kabla hajapita.

"Pole na kazi," mkewe alisema.

"Ndiyo kazi yetu, mama," Macho alijibu, akijinyoosha.

Hivyo ndivyo walivyokwenda hadi Ijumaa. Jumamosi sare arobaini zilitoka nyumbani zikiwa na mikono ya kulia na ya kushoto, kila mmoja mahali pake. Mkuu wa chuo alizigeuza ndani nje, akavuta mishono, na mwishoni akasema za mwaka mzima aje kuwapima wanafunzi Jumatatu.

Usiku huo sebule ilikuwa tupu. Macho alisimama katikati akiwa ndani ya koti lake.

"Leo nalinda nini?"

Mshonaji hakuwa amejiandaa. Angeweza kusema mkasi. Angeweza kusema mapazia. Lakini alikuwa na furaha na uchovu kwa pamoja, na maneno yakamponyoka. "Nilinde mimi. Miaka yote hiyo umelinda saruji na mabati ya watu, mimi nimelala humu peke yangu."

Alikusudia utani, au karibu na utani. Macho hakucheka. Alibeba kiti akakiweka mlangoni mwa chumba cha kulala.

Mshonaji aliamka kumekucha. Mumewe alikuwa palepale, mgongo wima, miguu yote miwili sakafuni, macho mekundu. Daftari lilikuwa mapajani. Alilichukua. Safari hii mwandiko ulikuwa unayumba, na katikati ya ukurasa wino ulikuwa umeisha, akaendelea kwa penseli.

"Saa tano: amelala. Saa sita: amegeukia ukutani. Saa saba: anakoroma. Saa nane: shuka limeanguka, nimemfunika. Saa tisa: amesema neno, sijalielewa. Saa kumi: bado yupo. Saa kumi na moja: bado yupo."

Alisoma mara mbili. Alijichukia kidogo kwa kuiharibu dawa iliyokuwa inafanya kazi vizuri namna ile.

"Hukulala hata kidogo?"

"Ningelalaje?" Macho alionekana kuudhika. "Si nilikuwa nalinda?"

Mshonaji alifunga daftari, akaweka kiganja kwenye kichwa cha mumewe, akakiacha hapo.

"Leo usiku utalinda pipa la taka."

"Na wewe?"

"Mimi nitajilinda. Ila lile pipa nitakuja kulikagua, na ole wako nikukute umelala."

Macho alilifikiria pipa hilo, akapiga miayo.