Tembo Watano wa Bwana Henrik

Kufika siku ya tatu, Mwalimu Ummy alikuwa amechoshwa na sentensi moja tu: "Jamani, hajaja kuwachukua."

Kosa lilikuwa la Nassibu, mtendaji wa kijiji cha Mloka. Barua ilikuja kutoka wilayani kwamba mtaalamu wa bustani ya wanyama ya huko Ulaya angefika kujifunza maisha ya tembo. Nassibu aliisoma haraka haraka, akaikunja, na Ijumaa baada ya sala akatangaza kwamba kuna mzungu anakuja kwa ajili ya tembo. Basi. Hakufafanua. Watu wakamalizia wenyewe: anakuja kuwachukua. Na kwa nini wasiamini, nao kila msimu wanalima na tembo wanavuna? Tangu hapo Ummy hakupita njia na mgeni wake bila mtu kutoka uani kuagiza. Mmoja alitaka aanze kuchukuliwa yule mwenye pembe moja, aliyebomoa ghala. Mwingine aliuliza kama gari limekuja au linafuata.

Ummy alikuwa mwalimu wa Kiingereza na biolojia katika sekondari moja ya Kibiti. Aliombwa afanye ukalimani wakati wa likizo fupi ya Aprili, akaambiwa ni kazi ya siku mbili: kupanda gari, kuingia hifadhini, kutazama wanyama. Masika yakazikata barabara za hifadhi. Bwana Henrik, mtu mrefu wa makamo aliyewalea tembo wa bustani yao kwa miaka ishirini, akakataa kurudi mikono mitupu. Kama hatawaona tembo, alisema, atazungumza na watu wanaoishi nao. Na kila aliyeulizwa nani anawajua tembo, alitaja jina moja: Bibi Sihaba.

Bibi Sihaba alikuwa mjane wa miaka kama sabini, shamba lake ndilo la mwisho kabla ya pori. Miaka na miaka alilala juu ya dungu akilinda mahindi na mpunga kwa debe la kupiga na moto wa pilipili. Zaidi ya kilimo alikuwa somo. Wasichana wengi wa Mloka walifundwa naye walipovunja ungo, na baadhi yao sasa walikuwa na wajukuu.

Asubuhi hiyo walimkuta amesimama katikati ya shamba, mikono kiunoni. Tembo walikuwa wamepita alfajiri. Mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba yalilala chini kama mkeka.

"Shikamoo, bibi. Pole sana," alisema Ummy.

"Marahaba. Huyu ndiye mwenyewe?"

"Ndiye. Lakini bibi, hajaja kuwachukua."

"Sasa kaja kufanya nini?"

Bwana Henrik alikwisha kupiga magoti matopeni. Alikuwa akipima nyayo kwa utepe, anazipiga picha, anatabasamu peke yake kama mtu aliyeokota dhahabu. Akasema, kwa Kiingereza chake kizito, kwamba ni familia nzuri ajabu.

"Anasema nini?" aliuliza Bibi Sihaba.

Ummy alitazama mahindi. "Anasema anakupa pole, bibi."

"Mbona anacheka? Mwambie hapo alipopiga magoti ndipo palikuwa na ugali wangu wa miezi mitatu."

"She says you are welcome," Ummy alimgeukia mgeni. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwa siku tatu, kulainisha kila kitu pande zote mbili, na kila jioni kichwa kilimuuma.

Lakini hasira za Bibi Sihaba zilikuwa za mtu anayewajua wanaomuudhi kwa sura na ukoo. Alianza kuwasema bila kuulizwa, akionyesha kwa kidole cha mguu. Wameingia kumi na mmoja. Huyu mwenye unyayo mpana, uliopasuka kisigino, ndiye bibi yao. Yeye ndiye hupita mbele, na akiamua kuondoka hakuna anayebaki. Huyu ni binti yake. Huyu ni binti wa pili, kazaa mwaka jana, mwezi wa kumi. Na hizi ndogo, kama sahani ya bati, ni za mtoto. Tazama, hakuna hata mahali pamoja anapotembea peke yake. Kila alipo yeye, kushoto mkubwa, kulia mkubwa.

Ummy alitafsiri. Bwana Henrik alitoa daftari. "Muulize amejuaje kwamba amezaa mwezi wa kumi."

"Nilikuwa juu ya dungu, nikaona kwa macho yangu," alisema Bibi Sihaba. "Kulikuwa kumepambazuka. Wakubwa walimzunguka, migongo ndani, nyuso nje, hata mbwa asingepita. Mtoto alipodondoka, yule binti alitaharuki. Ndiyo uzazi wake wa kwanza. Akainua mguu kutaka kumpiga teke. Mama yake akamsukuma kwa ubavu, hivi, akasimama katikati. Mara ya pili, akamsukuma tena. Mpaka akatulia, akamnusa mwanawe. Wakati huo watoto wengine wa kike wamejipanga wanatazama. Wanajifunza hao."

Mgeni aliacha kuandika. Akakaa juu ya gogo, akaanza kueleza yaliyomleta, na Ummy akayageuza Kiswahili kipande kwa kipande.

Bustani yao ina tembo watano wa Afrika: majike wanne na dume mmoja aitwaye Shangazi.

"Dume anaitwa Shangazi?" Bibi Sihaba alimkatiza.

"Anasema walilipenda neno lilivyosikika."

"Haya. Endelea."

Majike wale hawana udugu, kila mmoja ametoka kwake. Wawili waliletwa zamani kutoka kusini mwa Afrika, wakiwa ndama, baada ya wakubwa wao kuuawa ili kupunguza tembo. Mmoja wa hao alizaa miaka mitano iliyopita, akamkanyaga mwanawe siku ileile. Mwingine, mzee wao, Frida, hakuzaa kamwe. Wa tatu alikaribiwa na dume misimu yote, lakini mwili wake haukushika mimba. Wa nne, Asali, ana miaka kumi na minne, na ana mimba ya miezi kumi na saba. Tembo hubeba miezi ishirini na miwili. Ndiye aliyemleta huku. Madaktari wa bustani wanataka azalie peke yake kwenye chumba chenye vyuma, mtoto atolewe upesi kabla hajadhurika. Yeye Henrik hana hakika.

Bibi Sihaba alisikiliza yote bila kupepesa. "Mama yake huyo Asali yuko wapi?"

Yuko bustani nyingine, nchi nyingine, alieleza Henrik. Asali alihamishwa akiwa na miaka sita. Kule majike walikuwa wengi, kwake walikuwa wachache. Kuna kamati inayotunza kitabu cha vizazi vya tembo wote wa bustani za Ulaya, nayo ndiyo huamua nani aende wapi ili ndugu wasizaliane.

"Dume kuhama naelewa," alisema Bibi Sihaba. "Hata hapa dume akibalehe, mama zake wenyewe wanamfukuza akatafute kwingine. Lakini binti? Umemtoa kwa mama yake na meno ya utoto, umempeleka ugenini, hana bibi, hana mama mkubwa, hajaona mtu akizaa, kisha unashangaa hajui kuzaa? Na yule aliyemkanyaga mwanawe, alifundwa na nani, kama waliuawa wote?"

Ummy aliyasikia maneno hayo yakimgusa mahali pake mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza alimzalia Sumbawanga, alikopangiwa kazi, na mama yake alifika arobaini imepita. Usiku wa kwanza alikaa anamtazama yule mtoto analia, asijue amshike wapi. Akamgeukia mgeni.

"Bibi anasema kwamba labda, kama ingewezekana, na kwa kuzingatia taratibu zenu, pengine mngeweza kufikiria upya suala la..."

Bwana Henrik alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu. Ni jambo gumu, alisema. Kamati hukutana mara mbili kwa mwaka. Kuna vibali, kuna usafiri, kuna maoni ya madaktari.

"Kasemaje?"

"Anasema kuna kamati, bibi."

"Mwambie asinitajie kamati! Mie na kamati ya maji ya kijiji hiki tunajuana, miaka minane tunasubiri bomba." Halafu alimkazia macho Ummy. "Na wewe Mwalimu, hebu niambie. Mie nimesema maneno kumi, wewe umesema hamsini, na huyu anatabasamu. Maneno yangu yanatabasamisha? Unamwambia nini mtu wa watu?"

Ummy alijiwa na hasira, kwanza ya kumchukia Nassibu na barua yake, kisha mgeni na daftari lake, na mwisho ikamrudia mwenyewe. Siku tatu nzima alikuwa amekaa kati ya watu wawili wenye jambo la kuambiana, kazi yake kuhakikisha hawaambiani. Akageuka.

"Nisikilize, Bwana Henrik. Alichosema ni hiki. Mlimchukua mtoto kwa nguvu kutoka kwa mama yake kabla hajajifunza lolote, na sasa mnataka kumfungia peke yake siku atakayomhitaji mtu kuliko siku zote. Yule aliyemkanyaga mwanawe hana kosa, kosa ni la waliomuulia wakubwa wake. Na leo asubuhi hakukwambia karibu. Alikwambia umepigia magoti chakula chake cha miezi mitatu, na unacheka."

Uso wa Bwana Henrik uligeuka rangi ya tofali. Alitazama alipokuwa amepiga magoti, akatazama mashina yaliyolala. Ummy alianza kuogopa kwamba ameharibu kazi ya mgeni na yake mwenyewe.

"Mwambie samahani," alisema Bwana Henrik. "Kweli samahani. Na muulize. Mama yake siwezi kumpata, muda hautoshi. Lakini yule mzee, Frida, ambaye hajazaa. Anaweza kuwa mama mkubwa?"

"Ana akili?" aliuliza Bibi Sihaba.

"Mtulivu. Wenzake wanampisha njia."

"Wakimpisha, yatosha. Ukubwa si kuzaa. Amuweke Asali naye kuanzia sasa, asingoje siku ya uchungu, na mlango baina yao uwe wazi. Yule aliyekanyaga wa kwake naye aruhusiwe kutazama, kwa mbali. Ana haki ya kuona jambo hilo lilivyo."

Bwana Henrik aliandika neno kwa neno. Kisha akavua koti na kubaki shambani mpaka adhuhuri akimsaidia Bibi Sihaba kuinua mashina ambayo mizizi yake haikukatika na kuyakandamizia udongo. Hakuwa na maarifa ya kazi hiyo. Bibi Sihaba alimkaripia kwa Kindengereko na yeye alielewa bila mkalimani.

Septemba, katika chumba cha walimu pale Kibiti, simu ya Ummy ililia. Ni video kutoka kwa Bwana Henrik. Asali amesimama kwenye mchanga, majimaji yakimtiririka kwenye panja. Kitu cheusi kinadondoka, kinajikunjua. Asali anainua mguu, na Ummy akafumba macho. Alipofumbua, tembo mkubwa mwenye ngozi iliyokunjamana alikuwa amejipenyeza katikati, anasukuma kwa ubavu, taratibu, mara mbili, mara tatu. Walimu wenzake walisimama nyuma ya kiti chake mpaka ndama aliponyonya.

Alimpigia Nassibu, Nassibu akapanda pikipiki na kupeleka simu shambani.

"Dume au jike?" Hilo ndilo swali la kwanza la Bibi Sihaba.

"Dume, bibi."

"Alhamdulillahi. Wamwache kwa mamake mpaka aanze mwenyewe kujitenga. Si chini ya mvua kumi."

Ummy aliandika hayo na kuyatuma. Majibu yalikuja jioni ileile, na aliyasoma akiwa amesimama jikoni, mwiko mkononi. Bwana Henrik alishukuru sana. Aliongeza kwa masikitiko kwamba kamati tayari imempangia ndama nafasi katika bustani nyingine, atakapofika miaka minne. Yeye anapinga. Wanakutana Novemba. Je, Bibi Sihaba angekubali kuzungumza nao kwa simu, Mwalimu akitafsiri?

"Ya rabi," alisema Ummy kwa sauti, mpaka mumewe akachungulia kuuliza kama ameungua. Alifikiria wale watu wa kamati, vikombe vyao vya kahawa, vitabu vyao vya vizazi, na Bibi Sihaba upande wa pili. Kisha akampigia tena Nassibu.

Iliwachukua siku mbili kumpata mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akisafisha shamba kwa ajili ya vuli. Alisikiliza, akaguna.

"Novemba napanda," alisema. "Lakini waambie wapige mchana nikiwa kivulini. Na wasiniulize swali moja mara mbili."