Sentensi ya Idrisa

Mwalimu Atupele alikuwa na sharti moja kwenye darasa lake la Kiingereza pale Chapwa: sentensi iwe ya kweli. Ukisema uongo, unafuta ubao. Na kwa kuwa wanafunzi wake walikuwa madereva wa malori waliokwama foleni ya mpaka wa Zambia na wabadilisha kwacha kama Mariam, watu ambao uongo kwao ni kitendea kazi, ubao ule ulikuwa safi daima.

Jumamosi hiyo walifika kwenye "break down". Gari likikufia njiani, ndiyo hiyo. Na mtu naye, alieleza, akizidiwa na uchungu akaangua kilio mbele za watu, Mwingereza anasema hivyohivyo.

"Kumbe na wao wanazima barabarani!" Mariam alidakia, darasa likaangua kicheko.

Atupele alicheka kwa kujikaza. Mdogo wake, Lusajo, aliondoka na lori kwenda Kongo, mwaka wa pili sasa, na simu yake haipatikani. Mama yao kule Isansa alipiga marufuku mtu yeyote kumtaja kwa "alikuwa". Kila dereva aliyeingia darasani Atupele alimwuliza habari zake, na kila mmoja alitikisa kichwa.

"Idrisa, zamu yako. Maana ya pili."

Idrisa wa Tanga, pande la mtu, mzaha hauishi mdomoni, alisimama na daftari lake. Akasoma polepole: "I broke down when we buried Lusajo."

Mariam alianza kupiga makofi. Alipomwona mwalimu, mikono ikamganda.

Atupele alimsogelea. "Mlimzika nani? Lusajo yupi?"

"Wa Isansa. Mdogo wako, Mwalimu. Homa ilimkamata pale Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, siku tatu tu. Tulimzika wenyewe, madereva. Yeye ndiye aliyenituma kwako."

"Si nilikuuliza! Siku ya kwanza kabisa nilikuuliza, ukatikisa kichwa!" Ilikuwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuijua. "Miezi minne unakalia benchi langu unajifunza Kiingereza!"

Machozi yalikuwa yanamtiririka Idrisa hadi kidevuni, na hakuyafuta.

"Sikuja kujifunza Kiingereza, Mwalimu. Kila safari nilikuja nikwambie. Kwa Kiswahili nilishindwa."