Kupandisha Jipu kwa Ajili ya Mama Mkwe

Mjini Bukavu, miaka ile ambayo kila mwanaume wa ofisi alivaa abakosti, lile koti lisilo na tai, na kuitwa sitwayen, yaani mwananchi, Évariste alikuwa na gari kuukuu aina ya jipu na imani moja: kwamba hakuna jambo linalomshinda mtu aliyesoma. Jipu lilikuwa la kutegemewa kuliko imani hiyo, ingawa yeye mwenyewe alichelewa kulijua hilo.

Mke wake Jeanine alikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Wakati wa mtoto wa kwanza, Évariste alikwenda kijijini Mwenga kumchukua mama mkwe ili awe karibu na binti yake siku ya kujifungua. Walipokuwa wanarudi, jipu lilikalia tumbo kwenye tuta la udongo lililoachwa na malori katikati ya barabara, magurudumu yakazunguka bila kazi. Wakalala njiani. Walipofika Bukavu mtoto alikuwa ameshazaliwa, na Jeanine alikuwa amemwita mama yake mpaka sauti ikamkauka. Hakumlaumu mume wake, na hilo lilimuuma Évariste kuliko kulaumiwa.

Safari hii aliapa kwamba mama atafika kabla ya mtoto. Akalipeleka jipu kwa Aloys, fundi wa karibu na soko la Nyawera.

"Iinuke mpaka wapi, Papa Évariste?"

"Mpaka matope isione tena tumbo yake."

Aloys alikuwa fundi hodari, lakini neno "inatosha" hakulijua, na kwa bahati mbaya Évariste naye hakulijua. Walilinyanyua jipu kwa kriki, wakaliegemeza juu ya magogo, wakafungua resori, yale mapande ya chuma yaliyolazwa moja juu ya lingine, ambayo yalikuwa yamelala kwa uzee. Wakaongeza mapande kutoka kwenye lori lililofia Kamanyola. Bulo za zamani, zile skrubu nene za kuyafungia, zikawa fupi, wakachongesha ndefu. Mpira wa breki nao haukufika tena, wakatafuta mwingine. Évariste, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kugonga mihuri, alilala chini ya gari akishika ufunguo wa bulo upande usio wake, na mafuta machafu yakamwingia sikioni. Alijiona injinia.

"Tuongeze tena moja?" Aloys akauliza.

"Ongeza. Nani anakukataza?"

Jipu liliposhushwa, watu wa soko walisimama kutazama. Lilikuwa limenyanyuka kama kuku aliyeona nyoka. Évariste alipanda kwa kujivuta na usukani, suruali ikamchanika nyuma, akaona hiyo ni gharama ndogo ya maendeleo.

Na barabara ya Mwenga ilimpa haki. Kwenye tuta lile lile jipu lilipita bila kugusa kitu, naye akapiga honi peke yake porini. Aliingia kwa wakwe kifua mbele.

Mama mkwe, Nsimire, alitoka amejifunga kikwembe cha sikukuu, uso ameugeuzia pembeni, maana kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawaketi pamoja mbele. Nafasi yake ilikuwa nyuma. Évariste akafungua mlango wa nyuma. Sakafu ya jipu ilimfikia mama mkwe kifuani.

Hapo ndipo mtu aliyesoma alipogundua kwamba alipima matope, mawe na mito, lakini mguu wa mama mkwe hakuupima. Kupanda pale kulitaka kikwembe kivuke magoti, tena mbele ya mkwe! Kumpa mkono ni mwiko. Wakaleta kiti, kikazama kwenye udongo wa mvua. Wanawake wa kijiji wakajitolea kumsukuma kwa nyuma.

"Hapana," Nsimire alisema, akiutazama mgomba. "Mumwambie mukwe, mimi siko gunia ya mihogo. Hii gari aliitengeneza kwa ajili ya mama ya nani?"

Évariste alitamani ardhi immeze, kisha akaona afadhali ilimeze jipu. Kando ya barabara kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua. Basi mwanaume aliyehangaika wiki nzima ili jipu lisiingie shimoni akaanza kulitafutia shimo. Alilirudisha nyuma polepole, magurudumu ya nyuma yakashuka mtaroni, sakafu ikalingana na ukingo. Akageuza uso, na mama mkwe akaingia kwa hatua moja, kama anaingia jikoni kwake. Wanawake walicheka hadi wakashikana. Évariste naye alicheka, kwa sababu kulia kungeonekana vibaya.

Walipofika nyumbani Bukavu, jirani yao Bibiane alikuwa anawangoja barabarani.

"Papa Évariste, Jeanine iko maternité! Mbio!"

Uwanja wa maternité, hospitali ya wazazi, ulikuwa wa saruji, tambarare kama meza. Évariste akauzunguka mara ya kwanza, akauzunguka tena, mpaka watu wakadhani breki zimekatika. Bukavu nzima ilikuwa na mashimo, ila pale tu hapakuwa na hata moja. Ndipo sauti ya Jeanine ikatoka dirishani.

"Maman! Maman weee!"

Alifunga breki, akaruka chini, akafungua mlango wa nyuma, akainama ili aweke kidumu cha mafuta chini ya miguu ya mama mkwe. Kabla hajainuka, mguu mzito wenye udongo wa Mwenga ulimkanyaga begani, mkono ukamshika kichwa, na Nsimire akatua chini. Alipita mbio, kikwembe amekikunja ngumini, bila kumwangalia mtu.

"Niko hapa, Jeanine! Mama iko hapa!"

Uwanjani watu walishika midomo. Mama mkwe kumkanyaga mkwe wake, mchana kweupe! Mlinzi wa lango, kwa huruma, akaja na kitambaa amfute bega. Évariste akamshika mkono kumzuia. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyaficha.

"Acha tu, papa," alisema. "Mimi na fundi tulisahau kuweka ngazi. Sasa iko."