Sahani Ikirudi Safi

Wenzangu mnaolea wakwe nyumbani, sahani ikirudi safi msishukuru haraka. Kaeni, mjiulize nani ameisafisha. Nawaandikia kwa sababu kwangu sahani zilikuwa zinarudi safi kila siku, na baba mkwe wangu alikuwa anakwisha mbele ya macho yetu.

Ilikuwa mwaka ule wa operesheni, tulipohamishiwa kijiji kipya upande wa Mgori, nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule wakikaguliwa kucha. Mvua ikakataa. Ng'ombe wa mzee Alute, baba yake mume wangu Lazaro, wakafa mmoja baada ya mwingine. Akabaki ndama jike tu, naye mama yake kafa. Serikali ikatuletea unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita yanga. Wazee walizoea uwele. Mama mkwe wangu, Yustina, alisema ugali wa yanga unanuka gunia. Lakini ndio uliokuwepo. Na balozi wetu wa nyumba kumi alishatutangazia: atakayelisha mifugo unga wa mgawo, jina lake linafutwa, na watoto wake watajua watakula nini.

Nisiwadanganye, kuwalea wale wawili kulikuwa na raha yake. Asubuhi nilimshika mzee mkono kumtoa juani, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Jua limeamkaje?"

"Limeamka kali, baba."

"Liambie mimi bado nipo."

Mama mkwe naye hutoka na kitana, anamweka binti yangu Leah katikati ya magoti, anamsuka huku anamchokoza mumewe. "Babu yako huyu alikuja kunichumbia na mbuzi kilema."

"Hakuwa kilema. Alikuwa amechoka safari."

"Safari gani? Kutoka bonde lile mpaka kwetu hata kobe hachoki."

Leah anacheka, nami huku napepeta napata nguvu ya kutwa nzima. Nyumba isiyo na wazee wa namna hiyo ni kama imehamwa.

Sasa, kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wake akila. Unaingia, unapiga goti, unawanawisha, unaweka ugali na mlenda, unatoka. Hurudi mpaka uitwe. Ndivyo nilivyofundwa na ndivyo nilivyofanya. Nikiwa jikoni nawasikia wanacheka chumbani, mzee ananong'ona kitu, mama anacheka mpaka anakohoa. Halafu naitwa, nakuta sahani imepanguswa, hata kovu la ugali hakuna. Nikasema moyoni, wameuzoea yanga.

Mpaka siku moja namtoa mzee juani, bangili yake ya shaba ikadondoka. Bangili ile aliivaa ujanani na haikuwahi kuvuka kiganja. Niliiokota vumbini nikamtazama vizuri. Shingo ilikuwa imebaki kamba. Mkono nilioushika ulikuwa mwepesi kama mwiko mkavu.

"Baba, unaumwa?"

"Siumwi. Bangili ndiyo imepanuka kwa joto."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Tangu siku hiyo sikumwamini mtu. Wa kwanza kumshuku alikuwa Febronia, jirani wa mstari wetu, mwanamke mwenye tabia ya kuja kusalimia sufuria ikiwa jikoni. Mgeni akikuta chakula lazima akaribishwe, na mzee Alute angemkaribisha hata fisi. Nikamvizia. Kumbe Febronia akisalimia anaondoka kabla sijasonga. Lakini kisimani, mbele ya wanawake, akanitupia maneno.

"Mama Leah, baba mkwe wako amekuwa fito. Nyumba moja, chungu kimoja, wewe mbona mashavu yapo?"

"Mashavu haya nilizaliwa nayo."

"Sawa mama. Na yeye alizaliwa na yake. Yameenda wapi?"

Wanawake wakainamia ndoo zao. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

Nikahamia kwa mama mkwe. Mungu anisamehe, nilimtazama kila anapopita. Labda anakula ya wawili. Lakini naye alikuwa mkavu kama kawaida yake, hakuongezeka, hakupungua. Nikamuuliza Leah kama huwa anaingia kula kwa babu. Akaniambia bibi humfukuza wakati wa chakula, anafunga mlango. Anafunga mlango! Tangu lini Yustina akafungia mtu mlango?

Lazaro alikuja na lake. "Baba amerogwa," akaniambia tukiwa tunachambua mlenda. "Jumamosi nampeleka kwa mganga, kule Mkiwa. Ataonyeshwa mtu."

"Ataonyeshwa nani?"

"Sijui. Anayemtilia kitu kwenye chakula, labda."

Hakunitazama. Jani alilokuwa ameshika alilichana vipande vidogo vidogo. Nikajua kaka zake wameshasema naye. Mimi ndiye mpishi. Mganga hahitaji kutafuta mbali. Na mzee, kwa hali ile, asingefika Mkiwa na kurudi.

Ijumaa mchana niliitwa kutoa vyombo. Nikapiga goti, nikaokota sahani safi, na wakati nainuka ndama akaniletea pua. Ndama yule alilala chumbani kwao, kama tulivyozoea kwenye tembe za zamani, na jua likiwa kali alifungwa humo humo. Kidevu chake kilikuwa na uzi. Uzi mrefu wa kijani, unavutika mpaka kifuani.

Mlenda.

Nilitoka, nikakaa jikoni nikawaza. Ng'ombe wa kijiji kizima mbavu nje, huyu manyoya yanang'aa. Lazaro alikuwa anajisifu kwamba ni majani anayomkatia. Majani gani, mwaka ule?

Jioni, jua bado lipo, nikapika mapema. Nikawapelekea, nikatoka na ndoo ninaigonga gonga wasikie naenda kisimani. Nikaiweka nyuma ya nyumba, nikasogeza jicho kwenye kitundu cha hewa.

Mzee alikuwa anafinyanga tonge. Analichovya mlenda, analipuliza lipoe, kama unavyompulizia mtoto, kisha anapapasa hewani mpaka anaipata pua ya ndama. "Haya, binti. Kula. Huko yalikotoka mahindi haya wanawapa ng'ombe, sisi ndio tumekosea." Ndama anaramba mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe amejiziba mdomo kwa kanga, machozi ya kicheko yanamtoka, na yeye anakula lake polepole.

"Na wewe onja hata moja," akamwambia.

"Nilionja jana."

Ndiyo ile raha niliyokuwa naisikia kutoka jikoni. Kupiga kelele siwezi, Febronia yupo ukuta wa pili, na balozi masikio yake ni marefu. Nikazunguka, nikausukuma mlango nikaingia. Mzee akaficha mkono chini ya shuka kama mtoto mwizi wa sukari.

"Mama! Unaingia nikila?"

"Ungekuwa unakula nisingeingia, baba."

Mama mkwe akasimama. "Mkamwana, toka nje! Huna aibu? Kwenu hawakukufunda?"

"Walinifunda, mama. Ndiyo maana amebaki mifupa."

Nikakaa pale pale kizingitini. Nikawaambia habari ya kesho, ya Mkiwa, na mtu atakayeonyeshwa. Mama mkwe akakaa chini taratibu. Nadhani hakuwa amelijua hilo.

Mzee akavuta pumzi. "Mama, nisikilize. Ng'ombe huyu mama yake alizaliwa na ng'ombe wa baba yangu. Boma lote limekwisha, amebaki yeye. Akifa, ukoo wetu umebaki jina. Mimi nimeshakula miaka yangu, na mingi ilikuwa ya uwele mtamu. Nimwachie huyu."

"Umwachie aende wapi?"

"Azae. Leah anywe maziwa."

Nilitaka kulia. Lakini mtu akikutia huruma namna hiyo lazima umshuku zaidi, maana anaweza kukufia akiwa anatabasamu. Nikamuuliza, "Baba, ukifa, watoto wako wote watakuja?"

"Watakuja."

"Na wazee wa ukoo kule Ilongero?"

"Wasipokuja nitawauliza huko huko."

"Wazee wote hao, mazishi ya mtu mkubwa kama wewe, watachinjiwa nini? Kuku?"

Akakuna kidevu.

"Ng'ombe hapa ni mmoja, baba. Hata siku mbili hatamaliza baada yako. Lazaro mwenyewe ndiye atakayeshika kisu, na hakuna atakayemlaumu, maana ni haki yako. Wewe unamnenepesha kwa ajili ya matanga yako."

Mama mkwe ndiye aliyeanza. Kwanza nikadhani analia, kumbe kicheko kimemshika, anajipiga paja. "Alute! Unamlisha kitoweo chako!"

Mzee hakucheka. Aligeuza uso kule ndama alikokuwa anapumua. Kisha akautoa mkono chini ya shuka. Tonge bado lilikuwamo kiganjani, limebanwa likawa bapa. Akalitia mdomoni. Akalitafuna kwa hasira, kama anapigana nalo.

"Lete sahani," akasema. "Na huyu mfungeni nje."

Lazaro nilimwambia baba amekubali kula mbele yangu, basi aahirishe safari. Habari ya unga sikumwambia. Alinitazama, akautazama mlango wa wazazi wake, akasema, "Mbele yako? Mkamwana?" Nikamwambia nitakaa kizingitini, nimewapa mgongo. Akaguna. Kesho yake alipita mara nyingi kuliko haja, anajifanya kutafuta jembe.

Kaka zake walisema nimevunja heshima. Waliosema hivyo hakuna aliyemwogesha baba yao. Febronia alisema namchunga mzee kama mfungwa. Hilo kweli, nilimchunga. Niliwapa mgongo na kusikiliza kila tonge. Mzee akinyamaza muda mrefu naita, "Baba?" naye anajibu, "Nipo, askari."

Kwa hiyo nawaomba, mama zangu na dada zangu. Wazee wana ujanja kuliko watoto. Mtoto akikataa chakula atalia, utajua. Mzee atakushukuru, atakuchekesha, atakuombea, na huku anapungua. Pateni njia ya kukaa karibu anapokula. Geuzeni mgongo kama ni lazima, lakini msitoke.

Siku moja nimekaa pale kizingitini pangu, nawasikia wanavyobishana nani kamega upande wenye mlenda mwingi, mzee akaita kwa sauti ya ukali ambayo sikuwahi kuisikia tangu tuhame.

"Mama Leah! Ugali huu una madonge. Nani kausonga?"

"Mimi, baba."

"Basi kesho songa kama mtu anayetaka tule."

"Ndiyo, baba," nikasema, nikainama nikajishika tumbo kwa kucheka.