Chumba Chenye Mwenyewe

Bi Mwanne aliniambia habari za mwalimu tukiwa jikoni, mimi nakoroga unga wa vitumbua, yeye anachochea moto. Alisema mwalimu wa Kiingereza amekuja kutoka Nyasa, mwanamke, mtu mweusi kama sisi, na anatafuta pa kukaa.

"Angekuwa Mzungu angepelekwa kule kwenye nyumba za Wazungu," alisema. "Huyu hapelekwi kule. Na nyumba za walimu pale shuleni zimejaa wanaume na wake zao. Nimemwambia Yahaya amlete aone chumba cha mbele."

Chumba cha mbele ndicho nilichokuwa nalala mimi.

Nyumba yetu ya Gongoni, hapa Tabora, ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja alilala Bi Mwanne pamoja na mama yake, ambaye macho yake yalikuwa yameziba. Cha pili alipanga fundi Mabruki, mshona kanzu. Cha tatu ndicho hicho. Ukumbini nisingeweza kulala, kwa sababu msichana halali ukumbini katika nyumba yenye mpangaji mwanamume. Hilo hakuna aliyehitaji kunieleza.

"Usinune," Bi Mwanne alisema. "Sikufukuzi. Utarudi Goweko ukamsaidie kaka yako kuvuna tumbaku. Mwakani tutaona, Mungu akipenda."

Nilisema, "Haya, Bibi." Sikuwa mtu wa maneno. Hata shuleni, kabla sijaacha darasa la tatu mama alipougua, mwalimu alikuwa akinipita kwenye kuhesabu majina kwa sababu hakusikia nikiitika.

Mama yangu alilazwa hospitali ya Tabora, kitanda jirani na cha Bi Mwanne, wakawa marafiki. Mama alipokufa nilikaa kwa kaka yangu Ambrosi. Mkewe, Getruda, alisema nyumba ni ndogo, nikawa nalala katika banda la kukaushia tumbaku, na nguo zangu zote zikanuka moshi. Bi Mwanne alipopata habari alikuja mwenyewe kwa treni kunichukua. Chumba alichonipa kilikuwa na kitanda, na mlango wenye komeo la ndani. Usiku wa kwanza nililifunga na kulifungua mara nyingi, nikisikiliza linavyolia. Nilikuwa sijawahi kulala mahali ambapo mtu lazima abishe hodi kwanza.

Siku ya mwalimu kuja, Bi Mwanne alikwenda msibani Kanyenye. Aliniagiza nihamishe vitu vyangu, nifagie, na mgeni akija nimwonyeshe chumba. Nilihamisha mkeka, sanduku, na kikombe chenye picha ya Malkia walichogawiwa watoto wa shule mwaka ule na mmoja wao akaniuzia kwa vitumbua viwili. Rozari yangu niliiacha msumarini. Sijui kama nilisahau.

Saa nne nikasikia hodi. Alikuwa mzee Yahaya, tarishi wa shule, anasukuma baiskeli, na nyuma yake mwanamke mrefu mwenye mwavuli. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa vumbi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bibi yako yuko wapi?"

"Msibani."

"Basi tuonyeshe wewe. Na toa kidole mdomoni, huyu ni mwalimu, si daktari wa meno."

Mwalimu Katarina alicheka kidogo, akanipa mkono. Kiswahili chake alikisoma kitabuni. Alikisema neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Akaniambia amekwisha kuona mahali pawili. Kwa masista chumba ni safi, lakini ni cha mtu mmoja, mwisho wa ua, na lango hufungwa saa kumi na mbili jioni. Stesheni kuna karani Mnyasa mwenzake, mwenye chumba kimoja cha kumpa, chenye watoto saba ndani.

"Saba," alisema, akanionyesha kwa vidole. "Na mmoja anakojoa."

"Hapa hakuna anayekojoa," Yahaya alisema. "Hapa pana amani."

Nikawafungulia mlango. Mwalimu akaingia, akatazama dirisha, akagusa ukuta, akachungulia paa. Macho yake yakakaa kidogo pale kwenye rozari. Halafu akanigeukia.

"Chumba hiki kitupu?"

Nilitaka kusema ndiyo, kama nilivyoagizwa. Nilitazama komeo, na maneno yakanitoka yenyewe, chinichini.

"Kina mwenyewe."

Yahaya alivua kofia. "Umesema nini?"

"Kina mwenyewe."

"Astaghfirullah. Tangu lini?"

"Huu mwaka wa pili."

"Na hutoka?"

"Alfajiri hutoka. Jioni hurudi."

"Anadhuru watu?"

"Hapana, mzee. Hasemi na mtu."

Yahaya alirudi nyuma mpaka kizingitini. Ndipo nikaelewa anachofikiri. Kwetu, mtu akisema mti fulani au kisima fulani kina mwenyewe, hakuna anayedhani ni binadamu. Ni jini, na watu hupita mbali. Mwalimu lakini alikuwa na maana ya kitabuni tu, ndiyo maana yeye peke yake hakuogopa.

"Nani?" aliniuliza. "Mwenyewe ni nani?"

Lilikuwa neno moja tu la kumjibu. Badala yake machozi yakanijaa.

"Jina lake halitajwi, mwalimu!" Yahaya alisema. "Huoni mtoto analia? Twende, twende!"

Wakaenda. Mwalimu aligeuka nyuma mara mbili.

Kabla ya alasiri Gongoni nzima ilikuwa inajua. Fundi Mabruki alitoa cherehani yake akaiweka barazani, akaapa hairudi ndani.

"Miaka miwili nalala ukuta mmoja na jini!" alimwambia kila aliyepita. "Kumbe ndiyo maana ndoto zangu zote nakimbizwa!"

"Wewe unakimbizwa na watu uliowaharibia kanzu," jirani mmoja alimjibu, lakini naye hakukanyaga baraza yetu.

Bi Mwanne alirudi ameshika viatu mkononi, anatweta. "Wameuacha msiba, wanauliza habari za jini langu! Apolinaria, umeona nini humo?"

Nilitazama mlango wa chumba. Alidhani ni hofu, akanikumbatia. Akafukiza ubani mpaka mama yake akakohoa. Akasema kesho ataita mganga wa mambo hayo.

Asubuhi nilitoa vitumbua kama kawaida. Wanawake wawili waliokuwa wananunua kila siku walipita upande wa pili wa njia. Wa tatu alirudisha vya jana ndani ya sahani, vimefunikwa na kitambaa, akasema samahani, nyumbani kwake kuna mja mzito. Bi Mwanne alikaa kwenye kibao chake karibu na chuma cha vitumbua, akaacha moto uzimike. Nilikuwa sijamwona akiacha moto uzimike.

Hapo ndipo ilipokuwa vigumu. Nikiendelea kunyamaza, chumba hakitapata mpangaji mpaka watu wasahau, na watu wa Gongoni hawasahau. Kitabaki changu. Mimi ndiye pekee ambaye angethubutu kulala humo. Nikisema, nitarudi bandani kwa kaka yangu, tena kwa aibu. Lakini mama yake Bi Mwanne, yule asiyeona, alikuwa ukumbini anauliza, "Mwanne, mbona sisikii wateja?"

"Bibi," nilisema, "jini hakuna. Mwenyewe ni mimi."

Hakusikia mara ya kwanza. Nikarudia. Akanigeukia.

"Wewe ndiye unatoka alfajiri?"

"Ndiyo, Bibi. Kuchota maji."

"Wewe ndiye husemi na mtu."

"Ndiyo, Bibi."

Sikujua kama atanipiga. Alifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika, na alipofunua alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, ila hasira ilikuwapo pia. "Umenichomea nyumba kwa neno moja! Sasa mdomo uliowasha ndio utakaozima. Nenda shuleni kamwambie Yahaya mbele ya watu. Usininong'oneze mimi hapa!"

Nilikwenda kwa miguu. Langoni Yahaya alikuwa na watu watano sita, anawasimulia, na jini langu lilikwisha kuota pembe. Nilisimama mpaka waliponiona. Nilisema. Wakaniambia nipaze sauti. Nikasema kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuitambua:

"Nilisema kina mwenyewe kwa kuwa nalala humo! Mwalimu akihamia nitarudishwa Goweko, nami sitaki!"

Watu walicheka sana. Yahaya hakucheka. "Jini anaweza kumtuma mtu aseme hivyo," alisema. Mpaka leo hajaingia ndani ya nyumba ile.

Mwalimu Katarina alikuwa ametoka darasani, ana chaki mkononi. Alikuja akasimama karibu yangu ili wacheke kwa adabu.

"Niliona rozari," alisema. "Bi Mwanne ni Mwislamu. Nikajua kuna mtu." Halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniuliza. "Goweko unalala wapi?"

Nikamweleza habari za banda.

Jioni ile ile, kabla jua halijazama, alikuja na mwavuli wake. Fundi Mabruki alisimama kumpisha barazani, akasema, "Karibu, mwalimu. Jini letu ni Mnyamwezi, halina nguvu." Mwalimu hakuelewa, akamshukuru.

Alikaa na Bi Mwanne ukumbini, akatafuta maneno kwa muda mrefu. Akasema kwao mwanamke halali peke yake katika nchi ya ugeni. Kwa masista hangeweza kwa sababu hiyo, si kwa sababu ya lango. Tangu afike Tabora amelala macho kila usiku, peke yake katika chumba cha wageni cha shule, akisikia fisi nje ya ua. Chumba cha mbele anakitaka, lakini anakitaka na mtu ndani.

"Nilitafuta nyumba ya watu," alisema. "Nyumba tupu sikutafuta."

Bi Mwanne aliinuka kuchungulia chumba. Bado alikuwa amenikasirikia, na aliendelea kunikasirikia wiki nzima, akiniita jini wa Goweko kila nilipochelewa na maji. "Kitanda ni kimoja," alisema mwisho.

"Shule itanipa cha pili."

"Na huyu hajui kuzungumza. Utakuwa kama umelala na mtungi."

"Mimi nafundisha watu kuzungumza," mwalimu alisema. "Yeye atanisahihisha Kiswahili. Ananisahihisha tayari, kwa macho. Nimemwona."

Nilitazama chini. Ilikuwa kweli.

Kitanda cha shule kililetwa Jumamosi juu ya mkokoteni. Waliokileta walikiacha nje, tukakiingiza wenyewe, mimi na mwalimu, tukikwaruza mlango. Kikasimama katikati ya chumba, na cha zamani kimeegemezwa ukutani mpaka kila mtu apate upande wake. Upande wa dirisha kulikuwa na hewa na kelele za njiani. Upande wa ndani kulikuwa na giza, na cherehani ya Mabruki ilisikika ukutani, maana alikuwa amekwisha kuirudisha.

"Chagua," mwalimu alisema.

Nilimwambia achague yeye, ni mgeni, ni mkubwa, ndiye mpangaji.

"Mimi nimechagua kwa wiki tatu, nimechoka," alisema, akakaa juu ya sanduku lake. "Chagua wewe. Nangoja."

Akangoja kweli. Hakunisaidia hata neno moja. Nilizunguka kile kitanda, nikaweka mkono kwenye ukuta wa huku, kisha wa kule, na nje watu walikuwa wanapita, na yeye ameketi tu, amekunja mikono.

"Dirishani," nilisema.

"Sikusikia."

"Nataka dirishani, mwalimu."

"Vizuri," alisema, akainuka kushika upande wake wa kitanda.